Mkilua niliouziwa, na yule kijana wa kitaluni

Kitalu chenyewe sikitaji, kipo hapa hapa Mombasa. Masika kadhaa yamepita tangu ninunue mche wa mkilua pale, ule mti wa maua ya kunukia, na mpaka leo nikimkumbuka aliyeniuzia hasira hunipanda upya.

Nilimuuliza vizuri: huu ni wa kivulini au wa juani? Akajibu bila kunitazama, "Mama, mti ni mti. Panda popote." Nikaupanda mbele ya baraza, jua la saa sita linaupiga utosini. Haikuchukua muda majani yakaungua kingo, yakakunjamana kama karatasi iliyopitishwa motoni. Nikachuma mawili nikampelekea. Hata simu hakuiweka chini. "Hukutia maji, mama." Mimi! Ninayetia maji alfajiri na magharibi!

Mkilua ni mti wa chini ya miti, wa misitu yetu ya pwani, Kenya na Tanzania. Wataka kivuli na udongo usiokauka. Hata wataalamu walipoupa jina mwaka 1970 waliuita Mkilua fragrans, wakachukua neno letu kama lilivyo. Halafu muuza miche wa Mombasa asiujue! Hilo ndilo lililoniuma, si pesa.

Jioni moja nikaung'oa na donge lake la udongo, nikauhamishia uani chini ya mwembe, panapomwagikia maji ya udhu, nikaulundikia majani makavu shinani. Ukasimama tu, haukui haufi. Nikasema nimeliwa, huenda ni mstafeli huu, maana ni wa ukoo mmoja. Kisha juzi juzi nikasikia harufu kabla sijaona ua. Ilibidi niinue tawi: vilua vitatu vimening'inia kwa chini, vinene, vimejificha. Kimoja nikakifunga kwenye pindo la leso. Asubuhi chumba kizima kinanukia, na mimi nimekaa kitandani namkumbuka marehemu nyanya akifunga vikuba vyake, vile vishada vya kunukia vya rehani na asumini, na kilua akikipata.

Nilitaka kuwaambia msikanyage kitalu kile. Sasa siwezi. Mche ulikuwa wa kweli, na mkilua si mti wa kuukuta kila kitalu. Nendeni, lipeni, ila habari za kupanda msimuulize. Mimi mwenyewe nataka wa pili. Lakini nikimkuta ni yeye peke yake, nageuza njia narudi nyumbani.