Ceska ama Glock 19? Wacha mkono wako uamue

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani niko na bastola mbili, CZ 75 B, hii wengi wetu tunaiita tu Ceska, na Glock 19. Magazini nimetoa, slaidi, hiki chuma cha juu kinachorudi nyuma, nimevuta, oneni hapa, chemba, pale risasi inakaa kabla ya kupigwa, ziko tupu, nimeangalia kwa macho na nikaingiza kidole pia. Na hii video ni ya wenye leseni ya Firearms Licensing Board, kama huna, usinitafute inbox, sina shortikati.

Sasa, kila siku naulizwa gani inapiga shabaha vizuri. Jamani, hizi zote ukizifunga kwa stendi zinakushinda wewe na zinanishinda mimi. Uliza gani inakukaa. Shika mpini juu kabisa, nyoosha mikono, halafu bila kuusogeza mpini angalia kidole kimefika wapi kwa triga. Kama unagusa na ncha tu, ama lazima uizungushe bastola ndio ufike, hiyo si yako, hata kama jamaa wa duka ameapa.

Hapo ndio Ceska inagawanya watu. Ni chuma tupu, karibu kilo moja bila risasi, so teke lake ni pole, na hata muundo wenyewe ni wa 1975 na bado watu wanashinda nayo. Lakini nyundo, hii ya nyuma inayogonga, ikiwa chini, risasi ya kwanza unavuta triga ndefu na nzito, halafu ya pili inakuja fupi, nyepesi, kidole kinashtuka. Wa vidole vifupi wanateseka sana hapo. Na hii slaidi, kwa sababu inatembea ndani ya fremu, pa kushika ni padogo, mkono ukiwa na jasho unateleza, ona.

Glock ni kama gramu 600, mtutu milimita 102, risasi 15, na triga ni ile ile kutoka ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwa anayeanza hiyo ni raha. Ubaya wake, ukitoka kwa Ceska utaona inaelekea juu kidogo ukiinyanyua, mpini wake umelala zaidi. Na kuifungua kuisafisha lazima kwanza uvute triga, kwa hivyo kama wewe ni wa kusahau kuangalia chemba, tafadhali.

Haya, shabaha. Mtu anaenda reinji, risasi zote zinaanguka chini kushoto, anarudi kununua sait mpya za kung'aa, yaani vile vya kulengea juu ya slaidi. Bana! Hebu piga hesabu: kwa Glock 19, kutoka sait ya nyuma mpaka ya mbele ni kama sentimita 15, ukikosea kupanga kwa milimita moja nzima, mita 10 unakosa kwa sentimita 6 na kitu tu. Bado uko ndani ya kile kiduara cha katikati cha sentimita 20 kwa shabaha ya IDPA, yale mashindano ya bastola. Kwa hivyo ukitoka nje kabisa, hiyo si sait, ni wewe unaisubiri ile kelele na unasukuma bastola chini kabla haijalia, na kwa anayetumia mkono wa kulia ndio inaenda chini kushoto.

Kujua ni rahisi: mwambie mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili tatu bila kukuambia wapi. Ikilia "tik" badala ya kupiga, angalia mtutu, utauona ukiinama. Aibu kubwa lakini inatibu.

Nyumbani, risasi zote ziwe chumba kingine, weka sarafu juu ya slaidi karibu na sait ya mbele, vuta triga polepole mpaka iachie bila sarafu kuanguka, macho kwa sait ya mbele, shabaha iwe na ukungu kidogo ni sawa. Ceska hapa ni tamu maana unavuta tena na tena, Glock lazima urudishe slaidi kila mara. Ila kwa Ceska weka risasi bandia kwa chemba, ile pini inayoshika kipigio, kile kinachogonga risasi, huweza kuvunjika ukiizoesha kupiga tupu.

Mimi? Anayeanza, Glock 19. Kama ni mashindano pale reinji ya Kirigiti na mkono wako ni mkubwa, chukua Ceska, lakini mazoezi yako mengi yawe ya ile risasi ya kwanza nyundo ikiwa chini. Na pesa ya sait, nunua risasi.