Seti ya safari ya meli: kulabu chukua, waya achana nao

Boksi lilipofika nilicheka. Limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ndani yake mna kila anachohitaji abiria wa meli ya kitalii, na lenyewe linaenea kwenye mkoba wa mkononi. Niliagiza kwa kuwa ilikuwa safari yetu ya kwanza melini, mimi na mama, usiku saba katika chumba cha ndani kisicho na dirisha, na sikuwa na muda wa kuzunguka kutafuta kimoja kimoja. Sasa tumerudi, nguo zimeshafuliwa, niseme niliyoyaona.

Nianze na kulabu za sumaku, maana ndizo zilizonifanya nisijute. Kuta za vyumba vya melini kwa kawaida ni za chuma kilichofunikwa kwa gamba jembamba la mapambo. Kwa macho huwezi kujua, lakini ukisogeza sumaku inadaka yenyewe, ta! Chumba chetu kilikuwa hakipishani watu wawili mpaka mmoja akae kitandani, kwa hiyo zile kulabu sita zilikuwa kama kabati la pili: kofia, taulo, nguo za kuogelea zinazochuruzika maji, miwani ya mama ambayo nyumbani hupotea kila siku.

Ila hayo maandishi ya "kilo 10" msiyaamini hivihivi. Mama alitundika mkoba wake ukutani, ukaanza kuteleza polepole, sote tunautazama, mpaka ukatua sakafuni. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kuivuta moja kwa moja itoke kwenye chuma kinene. Mzigo unaoiburuta kuelekea chini ni habari nyingine, hapo inabeba sehemu ndogo tu ya kilo hizo. Tulihamishia mkoba darini na haukuanguka tena. Na tafadhali, usizitie mfuko mmoja na kadi ya chumba. Yangu ilikuwa ya utepe wa sumaku, nikaichanganya nazo, nikabaki mlangoni naipitisha na kuipitisha huku taa nyekundu inanikodolea. Ikabidi nishuke mapokezi nikapewe nyingine.

Vifuko vya plastiki vya kuwekea lebo za mizigo ni kitu kidogo, lakini nimevipenda. Ile lebo unaichapisha mwenyewe kwenye karatasi ya kawaida, kisha begi linachukuliwa na wapagazi pale bandarini, na hulioni tena mpaka saa kadhaa baadaye lisimamishwe mlangoni pako. Mama alikataa kifuko, akapiga pini mbili za stepla. Begi lake lilifika baada ya chakula cha jioni, karatasi imebaki nusu, jina limekatika. Bahati dawa zake za presha zilikuwa kwenye mkoba wangu pamoja na pasipoti. Hilo karatasi ya maelekezo ya seti haikulitaja, nami nalitaja: usiku wa kwanza usitegemee kitu chochote kilichomo kwenye begi kubwa.

Bangili za kuzuia kulevywa na bahari sijui niziweke wapi. Zina kitufe kinachobonyeza kati ya kano mbili za mkono, vidole vitatu chini ya kiganja. Mama anaapa zimemsaidia. Mimi usiku wa pili nilizivaa zote mbili na bado nilikumbatia ndoo. Kilichoniokoa ni vidonge, na vyenyewe vinataka uvimeze kabla meli haijaanza kuyumba, maana ukishaanza kutapika umechelewa. Kamba ya shingoni ni kamba tu, inashika kadi.

Tatizo ni ekstensheni. Ni nzuri kwa macho, soketi nne, na ina kinga ya kuzuia umeme unaopanda ghafla. Mfanyakazi wa eksirei aliitoa kwenye begi bila hata kuniuliza. "Hii haipandi, dada." Nikamwonyesha boksi, kwamba imetengenezwa kwa ajili ya meli! Akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa boksi hilo tangu asubuhi. Umeme wa melini hauungwi ardhini kama wa nyumbani, na kinga ya aina hiyo inaweza kupata joto hadi kuwaka moto. Walinzi wa pwani wa Marekani walishatoa onyo kuhusu vifaa hivi mwaka 2013. Aliyeunga seti hii alipaswa kujua. Kampuni nyingine za meli hazitaki ekstensheni ya aina yoyote, kwa hiyo soma orodha ya vilivyokatazwa kabla hujafunga begi.

Nyota tatu kati ya tano. Ningekuwa naanza upya ningenunua kulabu na vifuko peke yake. Asubuhi ya kushuka nilielekezwa kwenye meza ya vitu vilivyozuiwa: pasi, mabirika ya umeme, mishumaa, na ekstensheni tano za rangi ileile ya kijani. Nilichukua iliyokuwa karibu.