Tsampa: unga wa shayiri ya Tibet usiohitaji moto

Wapenzi watazamaji, pakiti hii ni tsampa, unga wa shayiri ya Tibet. Inalimwa kwenye nyanda za mita 3,000 hadi zaidi ya 4,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mahindi hayafui dafu kwa baridi. Wanaakiolojia wanasema watu waliweza kukaa juu huko mwaka mzima miaka kama 3,600 iliyopita, na shayiri ndiyo iliyowabeba.

Hii ni shayiri ya punje uchi: ukiipura, ganda linatoka lenyewe. Wachina wanaiita qingke. Punje zinakaangwa kwenye mchanga wa moto, mchanga unachekechwa, kisha zinasagwa, vijijini mara nyingi kwa kinu cha maji. Kwa hiyo unga huu umeshaiva. Tafadhali msiusonge kama ugali, mtaua harufu yote!

Tazameni mkono wangu. Chai kidogo ya chumvi na siagi ipo bakulini. Wenyewe hutumia siagi ya yak, mnyama wa jamii ya ng'ombe mwenye manyoya marefu, mimi nimetia ya ng'ombe wa kawaida. Unga unakaa juu. Kidole cha shahada kinausukuma kutoka ukingoni kwenda kwenye chai, na mkono wa pili unazungusha bakuli. Umeona unavyoanza kushikana? Sasa nakanda kwa vidole, natoa tonge.

Mmh. Harufu ni ya karanga zilizotoka kikaangoni, na utamu unakuja taratibu kadiri unavyotafuna. Ila usiubwie mkavu, unakaba koo.

Kasoro ya pakiti hii ni kwamba haina tarehe ya kusagwa, na hilo limeniudhi. Unga uliokaangwa ukikaa sana unachacha. Kabla ya kulipa, kama muuzaji ana mfuko uliofunguliwa, nusa kwanza.

Shayiri ina beta-glukani, ufumwele unaosaidia kushusha kolesteroli. Umoja wa Ulaya unataja gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Lakini ina gluteni pia, protini iliyomo kwenye nafaka kama ngano, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani ambaye utumbo wake unadhurika na gluteni, asiuguse kabisa.

Mimi nitaununua tena, hasa kwa safari, maana tonge mbili zinashika tumbo mpaka mchana. Kama chai ya chumvi inakushinda, tia maziwa ya moto na sukari kidogo. Hata Tibet wapo wanaotia sukari. Anza na pakiti ndogo, na ukishafungua, hamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.