Uzoefu wangu na lehemu isiyo na risasi: tatizo lilikuwa flaksi

Nilihamia lehemu (metali inayoyeyushwa kuunganishia vijenzi vya umeme) isiyo na risasi, ile metali nzito yenye sumu, kwa sababu ya meza. Saketi zangu nazitengenezea kwenye meza ileile tunayolia chakula, na siku moja nilimkuta mwanangu akiokota kwa ncha ya kidole vipunje vinavyong'aa nilivyoviacha kando ya bodi ya saketi. Watu wengi huogopa moshi, lakini joto la kulehemu halitoshi kuifanya risasi iwe mvuke. Risasi huingia mwilini kupitia mikono na mdomo, na kidole kile kilikuwa njiani kuelekea mdomoni.

Nikaanza na waya wa lehemu uitwao SAC305, wa milimita 0.8: bati asilimia 96.5, fedha 3 na shaba 0.5. Lehemu niliyoizoea, ya bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. SAC305 huanza kuyeyuka kwenye 217. Wiki za mwanzo niliichukia kwa dhati. Ilijikunja juu ya pedi, vile vibandiko vya shaba kwenye bodi, kama maji kwenye jani la myugwa. Nikapandisha joto hadi nyuzi 420, nikazidi kuharibu: flaksi, ile dawa ya kusafisha metali ili lehemu ishike, iliungua kabla lehemu haijatandaa, ncha ya chuma cha kulehemu ikawa nyeusi haishiki kitu, na pedi mbili zikabanduka.

Kumbe waya ule ulikuwa na flaksi kidogo mno ndani yake. Nikanunua flaksi ya jeli inayokuja kwenye bomba la sindano, na hapo ndipo mambo yalipobadilika. Kulikuwa na pini moja ya athi (ya ardhi) iliyonishinda siku mbili, kwa kuwa imeungana na eneo pana la shaba linalonyonya joto lote. Nikaipaka flaksi kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikavua ile ncha nyembamba kama sindano na kuweka ncha bapa ya milimita 2.4, joto nyuzi 360. Nikagusa pini na pedi kwa pamoja. Flaksi ikatokota, na lehemu iliyokuwa imekaa kama gololi ikalegea mara moja, ikaizunguka pini, ikazama tunduni. Nilipogeuza bodi nikaikuta imechomoza upande wa pili.

Kiungo kilikuwa na rangi iliyofifia, kama kimevumbika. Kwenye lehemu ya risasi hiyo ilikuwa dalili ya kiungo kibovu, lakini SAC305 hufifia hata ikiwa imeshika barabara. Angalia kingo. Lehemu ikiwa imelala na kupungua taratibu hadi ikaisha kwenye pedi, imeshika. Ikiwa imetuna na kukunjia kingo chini, rudia na flaksi zaidi.

Kuhusu aina za flaksi, mimi hutumia ya rozini (utomvu wa msonobari) au ile isiyolazimu kusafishwa, na bado naisafisha kwa spiriti ya isopropili, maana jeli iliyobaki pembeni bila kupata joto la kutosha huweza kuendelea kula shaba. Ile ya kuoshwa kwa maji ni kali na hufanya kazi vizuri, ila lazima ioshwe. Flaksi ya mafundi bomba usiilete kabisa karibu na bodi. Niliijaribu mara moja nilipoishiwa. Baada ya wiki chache waya niliouunganisha ulikuwa na ukungu wa kijani, nikaugusa ukakatika. Moshi wa rozini nao huweza kuleta pumu, hata kama lehemu haina risasi, kwa hiyo feni yenye kichujio haikosi mezani kwangu.

Siku hizi waya wangu wa kila siku ni wa bati na shaba wenye nikeli kidogo, aina ya SN100C. Huyeyuka kwenye nyuzi 227, juu kidogo ya SAC305, lakini viungo vyake hutoka laini na vinang'aa, nami navipenda. Ya bati na bismathi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 138, naiweka kwa vijenzi visivyovumilia joto. Ni dhaifu ikipata misukosuko, na isichanganywe na risasi: mchanganyiko wa hizo tatu huweza kuanza kuyeyuka kwenye nyuzi 96 hivi, joto ambalo kijenzi cha umeme mkubwa hulifikia.

Ncha huliwa haraka na lehemu hizi zenye bati jingi. Kabla ya kuzima chuma naiachia ncha tone nono la lehemu ili isipate kutu, na joto silipandishi zaidi ya ninavyohitaji.

Roli ya risasi sijaitupa, kwa sababu redio za zamani bado naletewa, na hizo nazitengeneza kwa lehemu ileile zilizotoka nayo. Hukaa kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati. Naitoa mtoto akishalala, kisha nafuta meza nzima kwa kitambaa chenye maji na kunawa kwa sabuni kabla sijazima taa.