Kitabu kuhusu kuanguka kwa dola: anzia sura ya nne

Vitabu vingi vya aina hii humtafuta mhalifu mmoja: ukame, wavamizi, watawala walafi. The Collapse of Complex Societies cha Joseph Tainter (Cambridge University Press, 1988) kinauliza swali ambalo vingine hulirukia. Dola iliyokwisha kuvuka ukame na uvamizi mara nyingi, kwa nini safari hii ishindwe?

Jibu liko sura ya nne, kwa hiyo anzia huko. Jamii hutatua matatizo kwa kujiongezea vyeo, ofisi, majeshi, na karani wa kumsimamia karani. Mwanzoni kila nyongeza hulipa. Baadaye gharama kwa kila kichwa hupanda huku faida ya nyongeza ikisinyaa, mpaka watu wanatozwa zaidi ili wapate kilekile walichokuwa nacho kwa bei nafuu. Akiba ikiisha, pigo la kawaida tu linatosha. Ufuatilie mchoro wa sura hiyo kwa kalamu, maana hoja nzima imebebwa na mstari mmoja wa faida unaopanda, unalala, kisha unashuka.

Sura ya tano inaijaribu nadharia hiyo kwa Roma, Wamaya wa Amerika ya Kati, na Chaco, jamii ya kale ya kusini-magharibi mwa Marekani. Roma ndiyo yenye nyama. Baada ya kuiteka Makedonia, mwaka 167 kabla ya Kristo, Warumi walijiondolea kodi ya moja kwa moja, kwa kuwa nyara za vita zilitosha. Lakini nyara huja mara moja, na mshahara wa askari wa kulinda mpaka hudaiwa kila mwaka. Ushindi ulipokoma, deni likabaki. Kaisari Nero akapunguza madini ya fedha katika dinari, sarafu ya Warumi, mwaka 64 baada ya Kristo, waliomfuata wakaendelea, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 260 sarafu za dola hiyo zilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Ukifuatilia kupungua huko, utaona kila mtawala akilipia shida yake kwa kumsogezea mzigo atakayemfuata.

Udhaifu upo. Dola ya Roma ya Mashariki ilidumu hadi 1453 ingawa nayo ilikuwa na makarani na majeshi ya kulisha, na hapo maelezo ya kitabu ni mafupi mno. Kwa Wamaya kimepitwa na wakati: ushahidi wa ukame kutoka matope ya Ziwa Chichancanab, nchini Meksiko, ulichapishwa mwaka 1995, hivyo sehemu hiyo isisomwe peke yake. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba uchangamano wa jamii, yaani ule wingi wa vyeo, ofisi na majeshi, hauna kipimo. Mwandishi huukadiria kwa dalili kama kodi, ukubwa wa utawala na thamani ya sarafu, na msomaji mkali atauliza kama dalili hizo hazikuchaguliwa baada ya anguko kujulikana.

Sura ya pili inaweza kupitwa haraka. Ya tatu, inayopanga nadharia za wengine katika mafungu kumi na moja, inafaa zaidi ukishamaliza ya tano.

Ya sita ndiyo inayotuhusu sisi. Tainter anadai kwamba leo nchi moja haiwezi kuanguka peke yake, kwa sababu jirani au taifa kubwa litaimeza au kuigharamia. Anguko likija, litakuwa la wote kwa pamoja. Takwimu zake kuhusu tiba, utafiti na hataza (hati za kulinda uvumbuzi), nyingi za Marekani, ni za kabla ya 1988. Anayetaka kuitumia hoja hii kwa sasa itambidi atafute takwimu mpya na auchore mstari ule upya.