Mkono wa vibrato: ununue upi kwa gitaa lako la umeme?

Fidla ya taarabu huiburura sauti na kuitetemesha mpaka msikilizaji anyanyuke kwenda kutunza. Sisi wapiga gitaa kidole kinatufikisha mahali, lakini kuzishusha nyuzi zote sita kwa pamoja na kuzirudisha taratibu kunataka mkono wa vibrato, yaani kifaa cha chuma chenye mkono unaoubonyeza kulegeza nyuzi. Wengi huuita tremolo kwa sababu mtengenezaji wa magitaa Leo Fender aliuita hivyo kwenye gitaa lake la Stratocaster la mwaka 1954.

Kabla ya bei, amua kama uko tayari kulitoboa gitaa. Mafundi wa patasi Unguja hawakosekani, ila tundu la gitaa likienda upande kidogo tu, nyuzi hazikai tena katikati ya shingo. Ushauri wangu: usitoboe.

Chaguo langu la kwanza ni Les Trem ya Duesenberg, kwa gitaa kama Les Paul ambalo nyuzi zake zimefungwa kwenye chuma kinachoshikwa na skrubu mbili nene. Unakitoa chuma hicho, unaiweka Les Trem pahala pake. Ni nyepesi, na kubadilisha uzi hakukuchoshi. Pima skrubu kwanza: magitaa mengi ya Asia yana za milimita, ya Marekani yana za inchi.

La pili ni Bigsby, na kwa utamu wa sauti ndiyo niipendayo zaidi. Ziko za aina kadhaa: B5 ni ya gitaa la tumbo bapa, kama Telecaster. B7 ni ya tumbo lililobinuka, kama Les Paul. B50 na B70 ni ndugu zao wa bei nafuu. Inunue pamoja na bamba la Vibramate, linaloishikilia kwenye matundu yaliyopo tayari. Ni nzito, na kuivisha uzi kunaudhi, kwani kichwa cha uzi huchomekwa kwenye kijisumari kisha kinachomoka. Ikunje ncha ya uzi kwenye kalamu kwanza, itatulia.

Floyd Rose naiweka mwisho. Hakuna inayoshika sauti kama hiyo ukiutikisa mkono kwa nguvu, lakini inataka mbao zichimbwe, na ikiwa imewekwa kuelea, yaani inashikiliwa na mvutano wa nyuzi na springi tu, uzi mmoja ukikatika katikati ya harusi, mitano iliyobaki yote inatoka kwenye sauti.

Bakisha pesa ya fundi atakayesafisha mifuo ile ya mfupa penye kichwa cha gitaa. Gitaa likikataa kurudi kwenye sauti, mara nyingi uzi umekwama hapo, wala si kosa la mkono. Unga wa risasi ya penseli ndani ya mifuo husaidia sana.

Na hewa yetu ya chumvi haisamehe chuma. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi na springi kwa kitambaa kikavu, masika usikose hata siku moja.