Rimu za kubadilisha kwenye gari ndogo: zipi uanze nazo, zipi uziache palepale dukani

Kama una Vitz, IST, Passo, Starlet, Demio, Fit au March na unataka kubadilisha rimu, iwe za zamani zimepinda kwa mashimo au umechoka na wilikapu zinazoruka kila ukipiga tuta, naomba usome hii kabla hujatoa hela. Hapa Arusha, na kwa wenzetu wa Moshi ni hivyohivyo, watu wengi tunanunua rimu kwa macho. Inang'aa, ina matundu manne, gari yako nayo ina matundu manne, muuzaji anakuapia inaingia, na kweli inaingia. Sasa kuingia sio kukaa. Rimu inaweza kuingia vizuri kabisa na bado isiwe ya gari yako, halafu hilo unakuja kulijua uko spidi 80 na watoto wako siti ya nyuma.

Naongea kitu kilichonikuta. IST ya mke wangu ilikuwa na rimu za chuma, nikapata spoti rimu za mtumba safi sana, orijino za Honda Fit, bei nzuri, muuzaji akaniambia ni 4x100, yaani matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, na wala hakunidanganya, IST yetu ni 4x100 na Fit ni 4x100. Fundi akafunga, nati zikaingia laini kabisa kwa mkono mpaka mwisho. Mjini haina shida yoyote. Siku ya kwanza kwenda Moshi, tumeshapita Usa River nikaachia kidogo mguu, kufika 80 usukani ukaanza kutetemeka, nikipunguza unatulia, nikirudi 80 unaanza tena. Nikarudi nikafanya balansi, haikusaidia, nikafanya tena kwa fundi mwingine, vilevile. Wiki iliyofuata nasikia ko ko ko kwenye tairi la mbele kushoto, nikasimama pembeni, nikashika nati mbili zinazunguka kwa vidole. Nikafungua tairi nikaangalia lile tundu la nati kwa tochi ya simu, nikakuta mstari mwembamba unang'aa kuzunguka tundu, mwembamba kama uzi, na pembeni yake vumbi la kijivu laini kama unga wa dona, ndio alumini ya rimu ilikuwa inasagwa.

Sababu zilikuwa mbili na zote zilikuwa zinaonekana kabla sijanunua, ila sikujua pa kuangalia.

Ya kwanza ni kitako cha nati. Nati za kawaida za Toyota zina kitako cha koni, kimechongoka kwa nyuzi 60, na zile rimu orijino za Honda tundu lake limechongwa mviringo, linataka nati yenye kitako cha duara kama goroli. Ukiweka koni kwenye tundu la duara zinagusana kwenye kale kamstari tu, sio uso mzima, kwa hiyo hata ukikaza mpaka spana ilie, baada ya kilomita kadhaa inalegea. Na kinachowadanganya mafundi ni kwamba uzi wa nati ya Toyota na Honda ni uleule, M12 kwa 1.5 (unene milimita 12, nafasi kati ya uzi na uzi milimita 1.5), ndio maana inaingia laini na hakuna anayeshtuka. Upande wa Nissan, Suzuki na Subaru uzi ni M12 kwa 1.25, huo ukilazimisha nati ya Toyota unaua stadi, ile bolti inayoshika nati, angalau pale unasikia inagoma. Ya Honda haigomi, hiyo ndio hatari yake. Kuna pia baadhi ya rimu orijino za Toyota zinazotumia nati ndefu yenye washa bapa, nazo ukizinunua dai na nati zake, usikubali kuondoka bila nati.

Ya pili ni tundu la katikati, lile kubwa linalokaa kwenye habu, ile sehemu ya gari inayofungiwa gurudumu. Toyota ndogo nyingi ni milimita 54.1, Mazda Demio nayo 54.1, Suzuki Swift ya kawaida ya matundu manne 54.1, Honda Fit 56.1, Nissan March 60.1. Kwa hiyo rimu ya Fit kwenye IST inabaki na nafasi ya milimita mbili, gari inabebwa na nati badala ya habu na gurudumu halikai katikati sawasawa, ndio ule mtetemo ambao balansi haiutibu kwa sababu kwenye mashine ya balansi rimu iko sawa kabisa. Ukigeuza, rimu ya Toyota kwenye Fit haiingii kabisa, na hapo ukisikia fundi anasema tuichonge kidogo, chukua rimu yako uondoke.

Namba nyingine ni hizi, nazipitia haraka. PCD ni duara la nati, gari ndogo nyingi ni 4x100 ila usidhani zote, kuna za zamani za 4x114.3 na kuna zenye matundu matano, Premio na Allion ni 5x100, RAV4 ni 5x114.3. Ya matundu manne unapima kwa rula kutoka katikati ya tundu mpaka katikati ya tundu linalotazamana nalo, ikija milimita 100 ndio yenyewe. Ya matano hayatazamani, kwa hiyo pima matundu mawili yaliyo jirani, katikati kwa katikati, ikija kama 59 ni 5x100 na ikija kama 67 ni 5x114.3. Ofseti utaiona imeandikwa nyuma ya rimu, ET halafu namba, mfano ET45, maana yake uso unaogusa habu uko milimita 45 nje ya mstari wa kati wa rimu. Namba ikishuka tairi linatoka nje. Chukua mfano huu, rimu yako ni 5.5J (upana inchi 5.5) ET45 unanunua 7J ET35, ukingo wa nje unasogea nje milimita 29 hivi na wa ndani unaingia ndani kama 9. Milimita 29 ni karibu upana wa vidole viwili, hapo ukipakia abiria wa nyuma watatu na mzigo, tairi linalamba madigadi kila tuta, na beringi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu kuliko zilivyotengenezewa.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia zile ningezinunua kwanza.

Namba moja, na sina mashaka nayo, ni rimu orijino za gari ileile yako, mtumba wa Japani, saizi ileile iliyoandikwa kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Fungua mlango uangalie, ile stika inataja saizi ya tairi na upepo, usiibandue wala usiipige rangi. Kama inasema 175/65R14 (upana milimita 175, kimo cha pembeni asilimia 65 ya upana huo, rimu inchi 14) tafuta rimu ya 14. Hapa kila kitu kiko sawa, tundu, ofseti, nati, na siku ukitaka kuuza gari mnunuzi haulizi maswali. Hazivutii kwenye picha kama zingine lakini zinakaa.

Namba mbili ni rimu za chuma, mpya au mtumba, za saizi ileile. Najua watu wanazidharau. Ila kama wewe unakaa ndani huko Olasiti, Ngaramtoni, au unapanda Kibosho na Machame kila siku, na kuna kipande cha mawe na makorongo kabla ya kufika geti lako, chuma ndio rafiki. Chuma kikipigwa kinapinda na fundi anakinyoosha, alumini ikipigwa inaweza kupasuka, na ufa wa alumini wakati mwingine uko upande wa ndani ambao huuoni mpaka tairi liwe linapungua upepo kila asubuhi bila pancha. Rimu ya chuma ni nzito zaidi kidogo na inashika kutu ukiiacha, kwangu hizo ni kasoro ndogo. Kwa bajeti ndogo ningeanzia hapa bila aibu yoyote.

Namba tatu ni rimu orijino za gari nyingine yenye namba zilezile. Hapa ndipo pana nafuu ukijua unachofanya. Vitz, IST ya matundu manne na Passo zinapeana, na Demio inaweza kuingia kwenye mstari huo kwa sababu PCD, tundu na uzi wa nati vinafanana na vya Toyota, unabaki kuhakikisha ofseti na kitako cha nati. Fit na March nimeshasema. Kabla hujalipa, omba ijaribiwe kwenye gari yako gurudumu la mbele, ikae kwenye habu bila nati uone kama inacheza, halafu zungusha uone haigusi kalipa ya breki. Rimu za inchi 13 hasa ziangalie hapo, kuna gari ambazo diski zake haziruhusu 13 kabisa.

Namba nne, spoti rimu mpya za madukani, za inchi 15. Sizikatai, nyingine ni nzuri, ila elewa kwamba zimetengenezwa ziingie gari nyingi kwa hiyo tundu la katikati limeachwa kubwa, 67.1 au 73.1 ni kawaida, na lazima uwekewe pete za kuziba nafasi, za plastiki ngumu au alumini, za kutoka namba hiyo mpaka 54.1. Zina gharama ndogo ukilinganisha na rimu yenyewe, muuzaji asipokuwa nazo zitafute kabla ya kufunga. Angalia nyuma kama kuna alama ya JWL, hicho ni kiwango cha Japani cha rimu za alumini. Na tairi chagua kwa hesabu. 175/65R14 kimo chake chote ni kama milimita 583, ukipanda 15 weka 185/55R15 ambayo ni kama 584, karibu sawasawa. Ukiweka 185/60R15 unafika 603, hiyo ni zaidi ya asilimia 3, spidi mita inakuonyesha 50 wakati wewe uko karibu 52, na barabara ya Moshi unajua vibao vya 50 vilivyo vingi na trafiki wake. Na ile namba ya mzigo kwenye tairi isishuke chini ya ile ya stika, 82 ni kilo 475 kwa tairi moja.

Namba tano, inchi 16 na 17 na tairi jembamba la pembeni. 195/45R16 kwa hesabu inaingia, kimo chake ni kama 582, lakini mpira uliobaki pembeni ni milimita 88 wakati kwenye 175/65R14 una 114, na hizo 26 zilizopotea ndizo zilikuwa zinameza shimo. Sasa shimo linamezwa na rimu, na baada ya rimu ni shokapu na bushi. Kwa lami safi tupu sawa, kwa barabara zetu mimi siwezi kumshauri ndugu yangu.

Za mwisho kabisa, ambazo hata ukipewa bure naomba uache: rimu iliyochomelewa, rimu iliyotobolewa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani, na rimu ya PCD nyingine inayofungwa kwa adapta ya mtaani. Mtu atakwambia amekimbia nayo miaka. Nimeona moja gereji moja hapa mjini imekatika kati ya tundu na tundu, gari ilikuwa inaingia geti, tushukuru haikuwa mteremko wa Kibosho.

Ukienda kununua mtumba, geuza rimu, anza upande wa ndani. Rangi mpya inayonukia bado isikufurahishe, kwangu hiyo ni sababu ya kuangalia mara mbili, pitisha kucha nyuma ya mikono ya rimu ukitafuta ufa, pitisha na kidole kwenye ukingo wote wa ndani. Omba iwekwe kwenye mashine ya balansi bila tairi izungushwe, uangalie ukingo wake, ikiyumba utaiona kwa macho. Baada ya kuvaa tairi paka povu la sabuni ukingoni, kama kuna mapovu yanachemka rudisha siku hiyohiyo.

Na kufunga. Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya, kutu kidogo tu inaifanya rimu ikae upande. Nati zote ziingie kwa mkono kwanza, kisha zikazwe kwa mtindo wa msalaba, nati moja halafu ile inayotazamana nayo, gari ikishushwa ndio kazi imaliziwe. Toyota ndogo zinataka kama 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), fundi mwenye spana ya kupima yupo, mtafute, maana kupanda juu ya spana kwa mguu kunavuta stadi na siku ya pancha mama hawezi kuifungua peke yake njiani. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100 rudi zikaguliwe tena, usipitishe.

Spea nayo ijaribiwe siku hiyohiyo kwa nati utakazokuwa nazo kwenye gari. Kama rimu mpya zinatumia nati tofauti na spea, beba seti ya nati nne za spea kwenye kimfuko pamoja na jeki, mimi zangu zipo kwenye soksi ya mtoto chini ya zulia la buti.